Maoni Yenu Tumeyapokea

Kenya haina uhaba wa maoni ya wananchi. Katiba ya 2010 inayadai, na maafisa huyakusanya kwa bidii pamoja na saini, huku soda zikigawiwa. Kazi inayobaki ni kuyasoma tu. Kule Lamu, mradi wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, ulipewa leseni mwaka 2016. Mwaka 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likaifuta: mikutano ilifanyika kabla ya ripoti ya athari kukamilika, na ilipokamilika wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Yaani waliulizwa kama chumvi imekolea, mchuzi haujabandikwa.

Wapo watakaosema mashauriano huchelewesha maendeleo, na kwamba mvuvi hajui uhandisi. Sawa, hajui, ila anajua samaki huzalia wapi na maji hujaa hadi wapi, na ndiye atakayeishi na moshi mhandisi akisharudi kwao. Ama kuchelewa, leseni ile ilidumu karibu miaka mitatu ikaishia kufutwa, muda uliotosha kuisoma ripoti nzima kwa sauti, baraza kwa baraza, na kahawa ikanyweka.