Namna ya Kumiliki Pikipiki Mbili Bila Kuvunjiwa Heshima

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Dar es Salaam ambaye tayari ana pikipiki kubwa ya safari, au yuko mbioni kuinunua na anachosubiri ni watu wa nyumbani walale. Kwa mfano tuchukue BMW R 1250 GS: injini ya cc 1254, kilo 249 na mafuta yake, silinda mbili zimechomoza moja kushoto moja kulia. Upande wa pili tuweke Boxer ya 150, kilo 120 na ushei, ile ile ambayo kila siku hukuwahisha kazini mtu mwingine akiiendesha.

Anza na kubwa. Ukianza na ndogo utagundua kwamba inatosha, na mwongozo utakuwa umeishia hapa.

Kubwa ikishaingia ndani ya geti, hoja ya ndogo hujileta yenyewe. Kuitoa kubwa ukanunue mkate kunataka jirani asogeze Noah yake, geti lifunguliwe pande zote mbili, uvae jaketi lenye mabamba ya viwiko, buti na glovu, kisha urudi ndani kwa sababu umesahau hela kwenye suruali uliyovua. Hapo ndipo utakapotangaza mezani kwamba umefikiria sana na umeamua kubana matumizi kwa kununua pikipiki ya pili. Sema hivyo hivyo, bila kupepesa macho. Usitaje neno "mbili" popote. Nyumbani kuna pikipiki moja, halafu kuna ile nyingine. Ipi ni ipi itategemea anayeuliza ni mama mkwe au ni rafiki zako.

Jua pia kwamba ndogo haitakuwa yako. Itatumwa mtungi wa gesi, itatumwa unga, itapeleka shuleni daftari lililosahaulika. Kubwa itabaki chini ya turubai lake, na kila Jumamosi utaifunua, uifute vumbi ambalo haijalipata, uifunike tena.

Mjini, kubwa ina shida moja ambayo muuzaji haitaji: haipiti. Zile silinda ni pana kuliko mwanya kati ya daladala na lori la mchanga, kwa hiyo foleni ya Ubungo utaikaa kama wenye magari, ila wao wana kiyoyozi. Jasho likianza kushuka ndani ya buti, bodaboda aliyebeba mishikaki atakupita ubavuni, na yule abiria wa mwisho atakukagua kuanzia miguuni hadi kwenye helmeti. Usimtazame. Inamia kioo cha dashibodi kana kwamba kuna ujumbe unaousubiri.

Siku ya kuiangusha itafika, na haitakuwa kwenye kona za Kitonga mbele ya malori ya Zambia, mahali ambapo ungepata cha kusimulia. Itakuwa umesimama, mbele ya genge. Kiti kiko juu sentimita 85. Mguu unatafuta ardhi, unakuta kokoto, na kilo 249 zinaanza kulala taratibu huku umezing'ang'ania. Ziachie. Anayeshindana nazo huondoka na mgongo. Zima injini. Kama imelalia kulia, toa kwanza stendi ya pembeni, ili ikisimama isije ikapitiliza na kuangukia upande wa pili. Iache kwenye gia isitembee. Geuza usukani hadi mwisho, mpini wa chini usogee karibu na tangi, kisha kipe kiti mgongo na uchuchumae. Mkono mmoja ushike mpini, mwingine ushike chuma cha kubebea mizigo, halafu rudi kinyumenyume kwa hatua fupi fupi, ukisukuma kwa miguu wala si kwa kiuno. Silinda ya chini itakuwa imeizuia isilale kabisa, kwa hiyo sehemu ya kazi Wajerumani wameshakufanyia.

Utaratibu huu ni sahihi, na hutautumia. Kabla hujachuchumaa, vijana wa kijiweni watakuwa wamefika wanne, mmoja atasema "Pole mzee, tuachie sisi," na pikipiki itakuwa wima. Halafu watapiga nayo picha, na wa mwisho atauliza swali ambalo lazima uwe na jibu lake: "Hii inafika ngapi, bosi?" Jibu ni mia mbili na zaidi, na ni kweli. Mambo ya gia ya nne na kuendelea, kwamba hujawahi kuzihitaji, si lazima uyaeleze.

Ukitaka kuzihitaji, chukua Barabara ya Morogoro. Utatoka alfajiri, na hadi Chalinze utakuwa umejifunza kwamba nchi hii ina vijiji vingi, kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kibao kuna mwembe, na chini ya mwembe kuna askari mwenye tochi. Kati ya kijiji na kijiji kuna matuta. Mbele zaidi, barabara inapokatiza Hifadhi ya Mikumi, kuna tembo, twiga na faini kwa kila mnyama utakayemgonga, kila mmoja na bei yake. Boxer ingeenda mwendo huo huo. Ukipigwa tochi, hapo ndipo mahali pekee unaporuhusiwa kuishusha hadhi kubwa: mwaka 2021 faini ya pikipiki na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na namba ya usajili ya GS huanza na MC kama ya bodaboda yeyote. Sema kwa unyenyekevu, "Afande, hii nayo ni pikipiki tu."

Wakikuuliza kwa nini mtu anahitaji cc 1254, usimtaje mwandishi Ted Simon, aliyeondoka Uingereza mwaka 1973 kuizunguka dunia kwa Triumph ya cc 500 na kurejea miaka minne baadaye. Huyo anaharibu hoja. Wataje Ewan McGregor na Charley Boorman, waliotoka Scotland hadi Cape Town mwaka 2007 kwa BMW R 1200 GS Adventure na kupita hapa kwetu Tanzania. Magari yaliyowafuata na vifaa, yaruke.

Kuhusu fundi: wa ndogo yuko kila kona, na spea zake ziko Kariakoo. Kubwa ukiipeleka kwa fundi huyo huyo, ataizunguka mara mbili akitafuta cheni. Haina, inaendeshwa na shafti. Ataomba tyubu ya tairi. Nayo haina. Kisha atatazama zile silinda kwa huruma na kuuliza ilipata ajali wapi. Fundi wa kweli yuko mbali, na betri ya kubwa ikilala kwa sababu ya kukaa chini ya turubai, hakuna kiki ya kupiga wala wa kuisukuma. Ndogo ndiyo itakayokwenda kumleta.

Angalia gia pia. Kwenye baadhi ya pikipiki ndogo, gia zote hukanyagwa kwenda chini. Kwenye kubwa ni ya kwanza tu. Baada ya wiki nzima ya kutumwa unga, mguu hausahau haraka, na ukikanyaga ukidhani unapandisha, utainusa dashibodi.

La mwisho ni abiria. Ukiwa na ndogo kwenye taa za Mwenge, hata kama umevaa shati la ofisini, mama mwenye kikapu atakuwa ameshapanda kabla hujafungua mdomo. "Mwanangu, nipeleke Makumbusho." Usianze kumweleza habari za GS iliyoko nyumbani, kila dereva ana hadithi yake na mama amezisikia zote. Mpe helmeti ya pili, muulize kama kuna mzigo mwingine, mwambie ashike vizuri. Nauli pokea, uiweke kwenye bahasha ya tairi la nyuma la kubwa. Ukishamshusha usikawie pale hata dakika moja: vijana wa kijiwe hicho wana zamu yao, na hawajali una nini nyumbani.