Aliyefunga Hii Ni Nani?

Fundi bomba wetu ana majibu mawili tu kwenye simu. La kwanza ni "niko njiani", na nyuma yake unasikia jogoo wa kwao akiwika. La pili ni "kesho asubuhi na mapema", na hilo ndilo baya zaidi, maana wewe kweli unaamka. Basi koki ya jikoni ilipokuwa inadondosha maji usiku kucha na fundi akaendelea kuwa njiani, baba watoto alitangaza kwamba kazi yenyewe ni ya robo saa. Ameiona kwenye simu.

Mimi sina ugomvi na hizo video. Nina ugomvi na nati zake. Yule bwana wa Marekani anaingiza spana, anagusa kwa vidole viwili, nati inatoka huku yeye akisimulia habari za mbwa wake. Nati za Kigamboni zimekula upepo wa bahari miaka yote. Zimefunga ndoa na bomba na hazitambui talaka.

Zikatafutwa zana. Tulikuwa na nyundo, bisibisi iliyopinda na plaizi isiyobana. Mtoto akatumwa kwa jirani kuazima ile spana unayoipanua na kuibana, inayokubali nati ya saizi yoyote. Mafundi wameibatiza jina kutokana na tabia yake hiyo, na ndilo jina ambalo mtoto wetu, kwa sauti yake yote, alilipaza getini kwa mke wa mchungaji. Spana ililetwa imeviringishwa kwenye gazeti.

Kisha vipimo. Baba watoto alichukua rula ya shule, akapima nyuzi za koki, akapata milimita 21. Inchi moja ni milimita 25.4. Nusu yake haifiki 13, robo tatu ni 19 na kitu. Kwa hesabu hiyo isiyo na doa akaenda hadiwea, akaagiza koki ya robo tatu. Muuzaji akauliza, "Ya jikoni? Si nusu hiyo?" Akajibiwa kwamba imepimwa. Sasa, koki ya nusu inchi ukiipima kwa nje haina nusu inchi hata kidogo: nyuzi zake zina karibu milimita 21, na ile ya robo tatu ina zaidi ya 26. Vipimo hivyo ni vya tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani. Mabomba yamebadilika, majina yamegoma. Kila fundi anayajua haya bila kupima chochote. Mume wangu alipima, ndiyo maana akakosea.

Akarudi dukani. Muuzaji hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi. Akampa ya nusu, akamuuliza, "Orijino au ya kawaida?" Akachukua ya kawaida, pamoja na ile tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi. Kwenye tepu nimpe haki yake. Alijua kwamba inazungushwa kufuata upande koki inakofungwa, maana ukiizungusha kinyume, koki ikiingia inaikunja na kuitoa nje kama taka. Akaivuta, akaibana, ikakaa kwenye nyuzi ikiwa imelala vizuri. Akaniita nije kuiona. Nikaja, nikaiona.

Kazi yangu mimi ilikuwa tochi. "Mulika hapa. Siyo hapo, hapa. Mbona unanimulika machoni?" Nimeolewa muda mrefu na sijawahi kusemeshwa vile kwa sababu ya pesa wala ndugu, tochi ya simu ilitosha.

Kilichobaki ni maji. Nyumba yenye tangi juu huwa na valvu ya kufungia maji yanayoshuka, na sisi tunayo. Inazunguka vizuri sana, kulia na kushoto, hata siku nzima ukitaka, haifungi kitu. Akaizungusha, akaridhika, akafungua koki ya zamani. Juu kulikuwa na lita 1,000.

"Haya ni yale yaliyobaki ndani ya bomba," akaniambia, shati limelowa mpaka mgongoni.

Yaliyobaki ndani ya bomba yakafika sebuleni. Mtaani kwetu maji hutoka kwa mgawo, kwa hiyo jirani alipoona yanachuruzika uani hakuuliza kuna nini. Alirudi na ndoo mbili. Mwingine akaja na madumu. Mke wa mchungaji naye akaja, labda kuangalia spana yake, ila beseni alikuwa nalo. "Kama mnamwaga, si mtukingie tu?" Kukawa na foleni jikoni kwangu, na mume wangu ameziba tundu kwa kidole gumba, anaachia kwa zamu. Tangi lilipokauka ndipo koki mpya ikafungwa, kwa amani, kwa spana, na kwa uzito wote wa mwili wake.

Mwenye busara angepumzika. Yeye akasema zana bado ziko nje, akaliendea gari. Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe. Kanuni ni kwamba hasi hutoka kwanza, kwa sababu bodi nzima ya gari imeungwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi unapata cheche. Alianza na chanya. Spana ya mke wa mchungaji ina kovu jeusi. Gari liliwaka baadaye, ila redio, iliyokuja nalo kutoka Japani, ikajifunga na kudai namba ya siri kwa Kijapani. Siku hizi njiani kwenda kazini tunalazimika kuzungumza.

Usiku maji ya mgawo yakapanda tangini. Koki ya zamani ilikuwa inavuja mdomoni. Mpya ikavuja shingoni.

Fundi akafika hatimaye. Mafundi wote, wa bomba, wa umeme, wa friji, hata wa cherehani, wana ufunguzi mmoja: anainama, anatazama, anafyonza. Sijapata kuona fundi akisifu kazi ya aliyemtangulia. Nadhani bei huanzia hapo.

"Aliyefunga hii ni nani?"

Baba watoto alikuwa mlangoni. "Kuna kijana alipita."

"Kijana gani huyo? Amekaza mpaka soketi imepasuka. Hii plastiki, mzee! Unaifunga kwa mkono, spana ni ya kumalizia tu. Huyu hajafundishwa na mtu."

"Hata mimi nilimshangaa."

"Msimpe kazi tena."

"Hatumpi."

Mimi nilikuwa nimeshika tochi, namulika palepale panapotakiwa. Fundi akaichomoa koki, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akanyamaza kidogo.

"Ila tepu," akasema. "Tepu ameijulia."

Mume wangu akakohoa. Akaniangalia, akaangalia dari, akaiangalia koki.

"Tepu nilifunga mimi," akasema.