Globu Iliyogoma Buguruni

Globu ya taa ya nyuma ya gari ni ndogo kuliko kidole gumba, nayo hupatikana katika maduka ya vipuri ya Kariakoo kwa bei isiyomtisha hata mwenye gari la kuungaunga. Hata hivyo, ile iliyokaa miaka mingi ndani ya soketi, yaani tundu linaloishika na kuipa umeme, inaweza kummalizia mwenyewe Jumapili nzima kando ya Barabara ya Uhuru. Ukaidi huo una sababu: hewa ya Dar es Salaam ina chumvi ya bahari, na maji ya masika hupenya kwenye mpira wa taa uliokauka, hivyo kitako cha globu huota ukoga wa kijani, ambao mafundi huuita kutu ingawa kutu hasa ni ya chuma, na ukoga huo huikalisha globu humo kama mrithi aliyeambiwa nyumba ya marehemu inauzwa.

Kinadharia, globu yenye vijino viwili ubavuni hubonyezwa ndani, huzungushwa kidogo kushoto, kisha huvutwa. Nadharia hiyo haikuizingatia Buguruni, ambako buti likifunguliwa tu hukusanyika baraza zima: kijana wa bodaboda anayeapa kwamba dawa ni kugonga kwa spana, muuza maji anayesifu mafuta ya taa, na mzee asiyependekeza chochote ila husikitika kwa sauti. Lisilosemwa na yeyote ni kwamba taa izimwe na kioo kiachwe kipoe. Waya wa hasi utolewe kwenye betri, plaizi isije ikaunguza fyuzi. Mafuta ya kulegeza kutu yapulizwe na kupewa robo saa. Kisha globu ishikwe kwa glavu nene, macho yakiwa ndani ya miwani, na kuchezwachezwa huku na huku, kwa kuwa anayezungusha kwa hasira hubaki na kioo mkononi na kitako ndani ya soketi.

Hapo ndipo kiazi hutajwa. Mbinu ya kudidimiza nusu kiazi kwenye kioo kilichovunjika na kukizungusha inajulikana mbali, na muuza chipsi hukitoa kwa moyo mweupe, kwa sharti kwamba kisirudishwe. Kasoro yake ni kwamba majimaji ya kiazi hulisha ukoga uleule. Plaizi ya mdomo mwembamba, inayokunja ukingo wa kitako kuelekea ndani, ni bora zaidi, ingawa hailiwi na kachumbari.

Soketi ikishasuguliwa na kukaushwa, hubaki mtego mmoja. Globu yenye nyuzi mbili, wa wati 5 wa taa ya usiku na wa wati 21 wa breki, ina vijino visivyolingana kimo ili isipachikwe kinyume. Fundi mwenye haraka huilazimisha hivyo hivyo, na jioni gari huondoka likimulika kwa nguvu njia nzima, na dereva anapokanyaga breki mwanga huongezeka kidogo mno kuonekana, hivyo anayebaki kutoa taarifa ni kondakta wa daladala ya nyuma, kwa mdomo.