Sifa za Ufa

Wahenga waliuonea ufa. Waliutungia methali ya kututisha, kwamba asiyeuziba atajenga ukuta mzima, na tangu hapo kila anayenunua nyumba huuendea na saruji mkononi bila kuuliza una neno gani. Nami, kwa kuwa jamaa zangu walioko Nairobi hunituma kuwakagulia nyumba za bei ya chini huku Homa Bay na Migori, nimeona niutetee. Katika biashara hii yote sijakutana na shahidi mwaminifu kuuzidi.

Chukua nyumba ya kawaida inayouzwa pembezoni mwa mji wa Homa Bay, upande wa Arujo: vyumba vitatu, mabati yaliyopigwa rangi nyekundu juu ya kutu, kuta zilizopakwa krimu juzi na harufu bado inawasha pua. Kila kitu humo kimefunzwa la kusema. Mlango umetiwa mafuta usilie. Bomba la jikoni linang'aa, ingawa maji ya nyumba hii huletwa na punda kwa mitungi, ilhali Ziwa Victoria lote linaonekana dirishani. Dalali naye hanyamazi: "Hapa, mkubwa, ni pahali pa amani. Hata mbu hakuna." Hasemi lolote kuhusu wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kwa mawingu na kukaribia ugali kabla hujanawa mikono. Ni ufa peke yake, ulioanzia kona ya dirisha la sebule na kupanda mshazari hadi kwenye lenta, uliokataa kuhongwa. Umepigwa plasta, umepakwa rangi, na bado unasema kweli.

Na una mengi ya kusema. Vijiufa vilivyotapakaa juu ya plasta ni porojo tu: saruji ilikauka haraka, basi. Lakini ule wa mshazari, mpana juu na mwembamba chini, unaleta habari za msingi. Kwenye tambarare za karibu na ziwa kuna udongo mweusi, ule unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Fundi mwenye akili huuchimba wote mpaka afikie ardhi ngumu, kisha hujaza changarawe na kuishindilia. Fundi wa haraka huweka mawe juu yake na kumwachia Mungu. Ufa ndio utakaokuambia ni yupi kati yao aliyekuja kazini. Tena ni kalenda. Februari unameza sarafu ya shilingi kumi; masika yakikolea, Aprili na Mei, unajifunga, na hapo ndipo wauzaji wajanja huita wateja. Jaduong' mmoja, mzee aliye fundi wa siku nyingi, hubandika kipande cha kioo kwa saruji kukatiza ufa. Kioo kikipasuka, nyumba bado inatembea. Kikivuka kiangazi na masika kikiwa kizima, husema ufa umeshamaliza hasira zake, nawe unaweza kuanza kuzungumza bei.

Ukipitia Rongo hadi Migori, ufa hupanda cheo. Nyatike, upande wa Macalder, dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1930, na wachimbaji wadogo hawajaacha. Sakafu ikipasuka huko, mwenye nyumba haoni hasara, anaona mshipa wa dhahabu, na bei inapanda. Usimvunje moyo kwa kumkumbusha kwamba Katiba ya 2010 na Sheria ya Madini ya 2016 zimeiachia serikali madini yaliyomo ardhini. Wewe chunguza tu nani anachimba jirani na shimo lake linaelekea wapi.

Mchango mkubwa wa ufa, hata hivyo, uko kwenye bei. Mnunuzi mpole asiyejua kubishana akiutazama kimya kwa muda wa kutosha, dalali mwenyewe huanza kushusha. Hakuna wakili anayefanya kazi hiyo bure. Laiti makaratasi nayo yangepasuka hivi! Hati miliki hutolewa mfukoni laini, haina hata mkunjo, kumbe ploti ilimegwa kutoka shamba la marehemu baba na ndugu watatu hawana habari. Hapo nyufa unazitafuta mwenyewe: sachi kwenye ofisi ya ardhi, ridhaa ya mke wa muuzaji, ambayo sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inaitaka, na kama ardhi bado inahesabiwa ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi, iombwe ndani ya miezi sita la sivyo mauzo ni batili. Kisha ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Ufa wa ukutani hautozi kitu.

Watakuwepo wa kuniambia nyumba sharti idumu. Idumu kwa ajili ya nani? Mjaluo anayenunua hapa ana boma lake kijijini, alilolianzisha kimila kwa jogoo, shoka na moto, na huko ndiko atakakozikwa. Shauri la wapi azikwe lilifika hadi Mahakama ya Rufani, baada ya wakili S. M. Otieno kufariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukamtaka Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda, akazikwa kwao Mei 1987. Kuta imara za mjini hazikumfaa kitu. Nyumba yenye ufa, angalau, ina adabu ya kutojifanya boma. Desemba ikifika wenye nyumba watafunga mlango na kwenda kwao, na ufa utabaki na vyumba vyote vitatu, ukijinyoosha kadiri jua linavyokausha udongo, bila kudaiwa kodi.