Asilimia 55 za Mjomba

Video ya sendofu ya mpwa wangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ina saa tatu kasoro robo, na humo mimi nimo kwa dakika nne. Hotuba ya dakika hizo nne niliihangaikia wiki tatu. Niliandika, nikakata, nikaandika upya, nikawa namsomea mke wangu jikoni mpaka siku moja akanikatiza: "Baba Watoto, hayo machozi ya wakwe utayatafuta baadaye. Kwanza nipishe niepue."

Flashi ilipoletwa tulijazana sebuleni kwa dada yangu, soda mkononi. Ikafika zamu yangu. Naonekana nainuka, nafunga kifungo cha koti, napokea maiki, nafumbua mdomo, na hapo hapo unaingia wimbo wa mapenzi. Mpiga video alikuwa ameifuta sauti yangu yote na kumwaga muziki juu yake, kuanzia "itifaki imezingatiwa" hadi mwisho. Dakika nne nzima nafungua na kufunga mdomo kama perege aliyetupwa sakafuni, mikono inaruka, macho yanakwepa.

"Hapo alikuwa anasema nini?" aliuliza mama mkubwa.

"Alikuwa anaomba msaada," alijibu kijana mmoja nyuma ya kochi.

Sebule nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka nao, maana kwa picha ile hata mimi ningedhani hivyo.

Si kwamba mwili sikuuandaa. Ofisini kwetu kuna jamaa aliyewahi kupelekwa semina ya siku mbili ya kuzungumza mbele ya watu, akarudi na begi la bure na hesabu moja ambayo tangu siku hiyo ameifanya sala. "Kaka, maneno ni asilimia 7 tu. Sauti 38. Mwili 55. Sasa wewe unahangaika na karatasi ya nini?" Basi wiki ya mwisho nikaacha kukariri, nikahamia kwenye kioo cha kabati. Nikawa najifunza kutabasamu. Mwanangu wa mwisho alipita, akanitazama, akaenda kumwambia mama yake kwamba baba anaumwa jino.

Baadaye sana, kwa hasira, ndipo nilipofuatilia hizo namba zilikotoka. Zimetokana na majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1967, ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake. Hakupima hotuba, sembuse sendofu. Katika jaribio mojawapo watu walisikilizishwa neno moja tu, "labda" kwa Kiingereza, likitamkwa kwa sauti tofauti tofauti huku wakionyeshwa picha za nyuso, kisha wakaulizwa: huyu anayesema anampenda anayeambiwa, au hampendi? Alichokitafuta ni hicho tu. Neno, sauti na uso vikigombana juu ya hisia za mtu, msikilizaji huamini kipi? Swali zuri sana. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba maneno ni asilimia 7 ya hotuba yoyote ile, safari ni ndefu na nauli hakuna. Ingekuwa hivyo, ningehutubiwa kwa Kichina nikaelewa 93 kwa mia, nikarudi nyumbani kuwasimulia. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake ni ya mambo ya hisia, isibebeshwe mengine. Nilipompelekea jamaa wa semina habari hizo, alikunja mikono kifuani, akageukia dirishani na kusema, "Nakubaliana na wewe kabisa." Hapo nikamwelewa Mehrabian vizuri kuliko nilipomsoma.

Ajabu ni kwamba mpiga video alizifuata zile namba kwa uaminifu. Alininyang'anya 7, akaninyang'anya 38, akanibakishia 55 zangu zikiwa uchi mbele ya ukoo.

Kwanza karatasi. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi ya daftari, laini, iliyokunjwa mara nne. Mkono ukitetemeka kidogo tu, ncha ya karatasi laini hutetemeka kwa niaba ya ukoo mzima. Watu wa meza za nyuma, ambao kwa umbali ule wasingejua kama naogopa, walitangaziwa na karatasi. Miwani nayo niliiacha mezani kando ya supu, kwa hiyo karatasi inaonekana ikienda mbali, ikirudi karibu, ikienda mbali tena, kama mtu anayepepea makaa.

Kisha mikono, na hapa kuna jambo ambalo mwenye semina hakulifikiria, kwa sababu semina yake haikuwa na wakwe. Ukishika maiki mkono wa kulia, mkono unaobaki wa kuwaelekea watu ni wa kushoto. Kwenye video nageukia meza ya wageni wetu kutoka Kilimanjaro, wazee watupu, na kwa heshima zote nawanyooshea kiganja cha kushoto.

"Kushoto, mwanangu?" Mama mkubwa alifumba macho. "Kwa wakwe?"

Naona hata mwenyewe niligutuka, maana nahamisha maiki kushoto ili kulia kupate nafasi. Lakini kushoto tayari kulikuwa na karatasi. Mpiga video, ambaye dakika nyingine zote alikuwa anapiga maua, wakati huo alinivuta karibu kabisa. Karatasi iko mdomoni.

Tangu siku hiyo nina nadharia yangu kuhusu wasemaji wakubwa. Mwalimu Nyerere alikuwa na kifimbo. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa na usinga. Katika misikiti mingi ya pwani khatibu wa Ijumaa hupanda mimbari ameshika bakora. Watu hueleza vitu hivyo kwa mamlaka, mila na sunna, na sibishani nao. Mimi naongeza moja: mkono uliopewa kazi hauzururi. Nyerere wengi walimjua kwa redio, kwa kuwa televisheni Tanzania Bara ilianza miaka ya 1990, akiwa ameshastaafu. Kifimbo kile hakikuonekana redioni, lakini naamini kilisikika. Kilisikika kwa ile michakacho na vile vigugumizi ambavyo havikuwepo.

Ya karatasi na ya kushoto ningeyasahau. Tatizo ni mwezi. Sendofu ilifanyika Oktoba 2015, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, na anayezikumbuka kampeni zile anakumbuka zilivyokuwa za viungo. John Magufuli, mgombea wa chama tawala, alikuwa akipiga pushapu jukwaani kuonyesha kwamba afya anayo. Upande wa Edward Lowassa na UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, wafuasi walikuwa wakizungusha mikono kifuani, mmoja ukiukimbiza mwingine, kama kocha anayemwonyesha mwamuzi kwamba anabadilisha mchezaji. Maana yake mabadiliko. Sera sikumbuki hata moja kwa ufasaha, lakini pushapu nazikumbuka na mikono naikumbuka. Watoto wa chekechea waliijua.

Mimi wakati huo nilikuwa nawaambia wanandoa watarajiwa kwamba ndoa ni kuvumiliana, na kuchukuliana, na... Neno la tatu likaniponyoka. Neno likimponyoka mtu, mkono huanza kuzunguka hewani wenyewe, kama unavuta kamba kisimani. Mtazame yeyote, utaona. Wangu ulizunguka. Ule wenye maiki ukaona mwenzake anataabika, ukaenda kumsaidia.

"Mabadilikooo!"

Meza za vijana zilisimama zote kwa pamoja, mikono inazunguka. Mmoja alipanda juu ya kiti. Kwenye meza ya wakwe, mzee ambaye ukumbi mzima ulijua kuwa ni kada wa chama tawala wa miaka mingi aliweka glasi yake chini taratibu sana. Hakusema neno, na sikuhitaji mkalimani.

Nikaamua kutuliza hali. "Jamani, jamani, nina mambo mawili tu," nikasema, nikainua vidole viwili.

Kwa wasomaji wa mbali: vidole viwili ni saluti ya CHADEMA, chama cha Lowassa katika uchaguzi ule.

"Pipooooz!" akaita mmoja.

"Pawaaaa!" ukaitikia ukumbi.

Kwenye video, wimbo wa mapenzi unaendelea kwa utulivu, na mimi naonekana kama mgombea aliyevamia sherehe ya watu. Aliyeniokoa ni mshereheshaji. Alinyanyua maiki yake, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mjomba, tuendelee, au tusubiri na pushapu ili upande wa pili nao upate haki yake?" Yule mzee akacheka mpaka mabega yakatikisika. Nikapumua.

Baada ya hapo sikuthubutu kumtazama mwanadamu. Jamaa wa semina alikuwa ameniambia niwatazame watu machoni kwa zamu, kulia, katikati, kushoto. Ukifuata macho yangu kwenye video yanaishia mahali pamoja, na ilibidi turudishe picha mara mbili kugundua ni wapi. Nilikuwa nahutubia ndafu. Yule mbuzi aliyebanikwa mzima kwa heshima ya wageni alikuwa kwenye meza yake, kichwa juu, na ndiye pekee ukumbini aliyenitazama bila kupepesa.

Mwisho wangu uliletwa na kunyamaza. Somo hilo nalo ni la semina: ukifika kwenye jambo zito, nyamaza, hesabu hadi tatu, waache wakusubiri. Nilikuwa nimemaliza ukurasa wa kwanza. Jambo zito lilikuwa ukurasa wa pili, maneno yangu kwa mpwa wangu mwenyewe, niliyemfundisha baiskeli, niliyempeleka shule siku ya kwanza akiwa ameshika kidole changu kidogo. Nikashusha karatasi. Nikashusha maiki. Nikainamisha kichwa. Moja. Mbili.

Dijei akaachia muziki.

Simlaumu. Mtu akishusha karatasi, akashusha maiki na kuinamisha kichwa, amemaliza. Ningekuwa mimi kwenye mashine ile ningebonyeza vilevile. Mashangazi wakamiminika wakicheza, wamebeba vitenge na masufuria kichwani, wakanipita huku na huku kama maji yanavyolipita jiwe. Ukurasa wa pili upo mpaka leo kwenye mfuko wa ndani wa koti lile.

Basi nikiwa nimesimama katikati ya masufuria, jasho likaniingia machoni. Ukumbi ulikuwa na feni mbili za juu, moja mapambo tu. Nikatoa leso nikajifuta, jicho la kulia, jicho la kushoto, kwa nguvu, maana liliwasha. Mpwa wangu akaona, akaacha meza kuu, akaja mbio na viatu vyake virefu, akanikumbatia. Vigelegele.

"Rudisha hapo," alisema mama mkubwa sebuleni. Ikarudishwa. Leso, jicho la kulia, jicho la kushoto. Chozi likamtoka. "Mjomba mtu. Ona alivyoumia. Wengine wanasema maneno mengi hawana hata uchungu."

Dada yangu akanishika mkono. Yule kijana wa nyuma ya kochi akanyamaza. Nilitaka kutaja zile feni, nikaona haitasaidia lolote. Huko kwa wakwe nako ndivyo ninavyojulikana. Yule mzee kada hunipokea kwa mikono yote miwili na kunitambulisha kwa watu: huyu ndiye mjomba mwenye uchungu na mtoto.

Mwezi uliopita kamati ya sendofu ya mdogo wa mpwa wangu ilikaa, na jina langu limerudi kwenye ratiba, dakika tano safari hii. Nilipoanza kulalamika kwamba sina muda wa kuandika, mama mkubwa alinipigapiga begani.

"Karatasi usihangaike nayo, baba. Leso usisahau."