Namna ya Kung'oa Redio ya Gari Mpanda Bila Kugombana na Mtu

Gari limetoka Japani, limeshuka bandarini Dar es Salaam, limefika Mpanda na redio isiyojua Kiswahili. Usiilaumu. Kwao FM huanzia 76, na redio nyingi za zamani huishia 90. Sisi tunaanzia 88 mpaka 108. Stesheni zako karibu zote ziko juu ya dari. Skrini nayo inadai uko katikati ya bahari, ilhali uko Makanyagio na viatu vimejaa vumbi.

Wajanja watakuuzia kikopo cha kufunga kwenye waya wa antena ili kishushe masafa. Kinafanya kazi, ila namba zitakazosomeka mtazielewa wewe na mkeo tu.

Bado unataka kung'oa? Tafuta kivuli kwanza. Jua la Oktoba la Katavi halina mzaha. Na usitangaze. Ukifungua boneti tu, bodaboda watatu wataegesha. Kila mmoja alishang'oa redio. Aliyewahi kuirudisha hayupo.

Fungua waya hasi wa betri kwa spana namba 10. Fikiri kabla: redio nyingi za Toyota zenye ramani zikikatiwa umeme hujifunga, na ukiurudisha zinadai namba ya siri, kwa Kijapani. Labda anayeijua ni mzee fulani wa Nagoya, naye hana habari kama Mpanda ipo.

Fremu ya plastiki imeshikwa na klipu. Zungushia kitambaa mpini wa kijiko, ingiza pembeni, vuta taratibu. Fundi atatumia bisibisi, kisha atakuapia kwamba mkwaruzo ameukuta. Ndani kuna boliti, mara nyingi nne, namba 10 tena. Ziweke kwenye kikombe. Baadaye utazikuta tatu. Ya nne imetumbukia karibu na gia, na itakupigia muziki kila tuta mpaka Sitalike.

Ukivuta redio utakutana na vumbi. Usilipulize, lisome: la juu ni la Karema, la chini ni la enzi za kwenda Tabora kabla ya lami. Kisha soketi. Usivute waya, bonyeza kile kiulimi, itaachia yenyewe. Fundi mwenye haraka hukata waya kwa koleo halafu anaunga kwa kukisia. Kwenye redio mpya ya dukani waya wa njano hubeba umeme muda wote, mwekundu huupata ufunguo ukizungushwa, mweusi ni wa bodi. Akibadilisha njano na nyekundu, kila ukizima gari redio itasahau stesheni zote, na yeye atasema ndivyo zilivyo za kisasa.

Ile ya zamani usiitupe. Ifunge kwa kanga kuukuu, iweke kwenye tairi la akiba. Siku ya kuuza gari, mnunuzi akiuliza redio orijino, mwambie ipo, tena haijawahi kuguswa.