Kesi ya Bibi Tumbili

Tangu daraja la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016, nyumba zilizidi kusogelea vichaka vya Kibada, na mikorosho mingi ikaenda na panga. Tumbili wakaanza kushinda jalalani. Mtoto mmoja wa mtaani alipopata kidonda kisichosikia dawa, wanaume wakashika manati: hawa ndio walioleta! Ni tabia yetu mbaya, kumbebesha lawama asiye na mlango wa kubisha.

Kobe, mzee wa baraza, akakataa kuhukumu kabla ya kumsikiliza Bibi Tumbili.

"Bibi, umewahi kumeza dawa?"

"Sijawahi, mzee mwenzangu. Hata ladha yake siijui."

Akaitwa bakteria aliyekuwa tumboni mwake. Akatoka kifua mbele.

"Mimi nimezaliwa tumboni mwa mtu. Alishikwa na mafua, akanunua vidonge vya rangi mbili, dawa ya kuua bakteria, kwa buku. Mafua ni ya virusi, dawa ile haivigusi. Iliyoguswa ni jamii yangu. Wanyonge wakafa, nikabaki mimi na nafasi tele. Masika yakajaza choo, nikasombwa na maji hadi jalalani. Pale nikawakuta wenzangu kutoka banda la kuku, wale kuku wanaotiliwa dawa kwenye maji hata wakiwa wazima. Tukapeana vipande vya vinasaba. Sasa nahimili hata dawa ambayo sijawahi kukutana nayo. Bibi huyu aliokota ganda la embe tu."

"Kijidudu muongo!" wanaume wakapiga kelele.

Mbayuwayu, aliyekuwa safarini kutoka kaskazini, akashuka tawini. "Hasemi uongo. Huko Amboseli, Kenya, watafiti waliandika mwaka 1985 kwamba nyani waliokula mabaki ya hoteli ya watalii walikuwa na bakteria sugu wengi kuliko nyani waliojitafutia porini. Na hapa Tanzania, katika hifadhi ya Gombe, usugu dhidi ya dawa za salfa umekutwa kwa watu, kwa nyani na kwa sokwe."

Kelele zikakatika. Mama wa mtoto akafungua kipande cha khanga mguuni mwa mwanawe. Usaha ulikuwa umegandia kwenye nyuzi, na mtoto akauma mkono wa mama ili asilie. Kobe akakitazama kile kidonda, asiwe na haraka.

"Bibi Tumbili, nenda zako," akasema. "Aliyemuuzia mgonjwa wa mafua rangi mbili bila cheti, na anayewatilia dawa kuku wazima, sogeeni mbele. Kesi yenu inaanza sasa hivi."